Mteja usiyefanana naye: namna ya kumsikiliza na kumtetea katika ushauri nasaha

Wanaoanza kazi ya ushauri nasaha huuliza maswali yaleyale. Je, ni lazima nijue mila za kila mteja? Akiniambia amerogwa, nimjibu nini? Mwanawe akijitolea kutafsiri, nikubali? Nikiona mwajiri anamwonea, nimpigie simu? Nayajibu hapa yote kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu mteja hajafika hadi pale unapolazimika kutoka ofisini kwako na kumsemea.

Nitangulize msimamo wangu ili usome ukijua ninakokupeleka. Mteja ndiye mwenye maana ya shida yake, na ndiye mwenye kesi yake. Wewe unauliza kabla ya kufasiri, na unaomba ruhusa kabla ya kutetea. Makosa mengi ninayoyaona yanatokana na kuruka moja kati ya hayo mawili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Msimamizi wa kazi ambaye unaweza kumwambia ukweli, hata ule unaouonea aibu.
- Fomu mbili tofauti za ridhaa: moja ya kupokea huduma, nyingine ya kutoa taarifa za mteja kwa mtu wa nje. Usizichanganye katika karatasi moja.
- Sheria na kanuni za maadili zinazokuhusu mahali unapofanyia kazi, hasa kuhusu usiri, watoto, na hatari kwa maisha.
- Orodha ya huduma za jirani: hospitali, msaada wa kisheria, ustawi wa jamii, makazi ya dharura. Jina la taasisi peke yake halisaidii. Andika nani wa kumwona, anapatikana saa ngapi, na anadai nyaraka gani.
- Angalau mkalimani mmoja aliyefunzwa, ambaye umeshazungumza naye kabla hujamhitaji.

Hatua ya 1: Jikague wewe kwanza

Chukua karatasi ujibu maswali haya kwa mkono wako. Kwetu, mtu mzima akilia mbele ya watu anaonwaje? Nani huamua mambo ya ndoa, tiba na fedha? Nililelewa niamini nini kuhusu watu wenye maradhi ya akili? Ni watu wa aina gani ambao wakiingia mlangoni kwangu moyo wangu hukaza?

Swali la mwisho ndilo lenye faida kubwa, na ndilo watu hulikwepa. Lijibu kwa ukweli, kisha mpelekee msimamizi wako.

Nadharia ni hii tu. Mwaka 1992 Derald Wing Sue na wenzake walipanga umahiri wa kiutamaduni katika mafungu matatu: kujitambua, kuyajua mazingira ya mteja, na kuwa na stadi zinazomfaa. Mwaka 1998 madaktari Melanie Tervalon na Jann Murray-García walisisitiza unyenyekevu wa kiutamaduni: hakuna anayehitimu utamaduni wa mwenzake, hivyo mtoa huduma hujikagua na kukubali kusahihishwa maisha yake yote ya kazi. Hapo ndipo lilipo jibu la lile swali la kwanza. Huwezi kujua mila za kila mteja, na hakuna anayekudai hilo. Soma unavyoweza, lakini ulichosoma kikusaidie kuuliza vizuri zaidi.

*Kosa la kawaida:* kudhani kwamba mkiwa wa lugha moja au dini moja mnaelewana. Umri, jinsia, elimu, ulemavu, kipato, yote haya yanatenganisha watu wa nyumba moja. Washauri wengi huacha kuuliza pale hasa wanapomwona mteja kuwa "mwenzetu".

Hatua ya 2: Kikao cha kwanza, weka msingi

Muulize anapenda kuitwaje. Kuna mtu mzima atakayejiona amedharauliwa ukimwita kwa jina lake tupu, na kuna mwingine ambaye heshima za umri zinamziba mdomo.

Muulize ni lugha gani humjia akiwa na uchungu. Mtu anaweza kufanya kazi kwa lugha moja na kulia kwa nyingine. Mruhusu aitumie ile ya uchungu hata kama wewe unaokota maneno machache tu, kisha mwombe akueleze.

Kama amekuja na mtu, zungumza nao wote kwa dakika chache, halafu pata muda wa kuwa na mteja peke yake. Lifanye hili kuwa utaratibu wako kwa kila mteja na uliseme hivyo tangu mwanzo, aliyemleta asijione anafukuzwa.

Kisha eleza usiri na mipaka yake: hatari kwa maisha yake au ya mwingine, mtoto anayedhulumiwa, amri ya mahakama, na lolote jingine linalotajwa na sheria ya hapo mlipo. Ukimaliza mwambie: "Tafadhali niambie ulivyonielewa, nijue kama nimeeleza vizuri." Usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo. Wapo wanaosema ndiyo kwa adabu, kwa sababu kumkatalia mtu wa ofisini ni utovu wa heshima, na ndiyo ya namna hiyo haihesabiki kuwa ridhaa.

Hatua ya 3: Uliza shida ina maana gani kwake

Ukiikosea hatua hii, zote zinazofuata zitakwenda kombo, kwa hiyo usiiharakishe.

Mwaka 1978 Arthur Kleinman, Leon Eisenberg na Byron Good walipendekeza maswali ya kumsaidia daktari kujua mgonjwa mwenyewe anauelezaje ugonjwa wake. Bado yanafaa. Kwa maneno ya kawaida ni haya: Shida hii wewe unaiitaje? Unadhani imesababishwa na nini? Kwa nini ilianza wakati ule? Inakufanya nini mwilini na maishani? Unaiona ni kali kiasi gani, nayo itadumu? Unaogopa nini zaidi? Unadhani unahitaji tiba gani, na unatumaini ikusaidie nini?

Mwongozo wa uchunguzi wa maradhi ya akili wa Marekani, DSM-5, uliotoka 2013, nao una mahojiano ya maswali 16 yaliyojengwa juu ya fikra hiyohiyo. Moja ya maswali ya mwanzo linamtaka mteja aeleze jinsi anavyoizungumzia shida yake kwa familia, marafiki au watu wa jamii yake. Mimi nalipenda swali hilo kuliko yote, kwa kuwa linamtoa mteja kwenye lugha ya ofisini. Tazama mfano huu wa kubuni:

Mshauri: Watu wa nyumbani unawaambiaje kuhusu hili linalokusumbua?
Mteja: Nawaambia ni mgongo.
Mshauri: Na ukiwa peke yako?
Mteja: (kimya) Tangu kaka afariki silali. Wenzangu walimwosha. Mimi nilikuwa mbali.
Mshauri: Hukumwosha.
Mteja: Sikumwosha. Najua hajaridhika na mimi.

Bila swali la kwanza, fomu ingesoma: maumivu ya mgongo, kukosa usingizi. Sasa kuna msiba, kuna hatia, na kuna wajibu ambao mteja anaamini hakuutimiza. Swali linalofuata lisiwe la kumtoa hatiani ("lakini ulikuwa mbali, hukuwa na jinsi"). Muulize: "Kwa watu wako, mtu aliyekosa kumwosha ndugu yake hufanya nini?" Pengine lipo la kufanya, na yeye analijua tayari.

Unapoandika faili, weka maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu, kisha fasiri yako pembeni. Akisema "kichwa kinawaka moto", andika hivyohivyo. Usiandike "anaepuka kutazamana" kana kwamba ni dalili wakati huenda ameinamisha macho kwa heshima.

Hatua ya 4: Akieleza kwa mambo ya imani

Usikubali, na usibishe. Ukikubali umeingia katika jambo usilolijua, ukibisha, hatarudi. Uliza: Tangu uamini hivyo, nini kimebadilika? Nani mwingine nyumbani anaamini hivyo? Mmeshafanya nini, na kilisaidia?

Majibu hayo yanakusaidia pia kutofautisha imani na ugonjwa mkali. Angalia kama imani hiyo inashirikiwa na watu wake au hata wao inawashangaza. Angalia usingizi, kula, usafi, kazi, na kama mabadiliko yalikuja ghafla. Mteja akiridhia, zungumza na mtu wake wa karibu. Kuna makosa mawili hapa na yote yanaumiza: kuita wazimu sala ya kawaida ya mtu, na kuuacha ugonjwa ukomae kwa kusema "huo ni utamaduni wao". Ukitilia shaka, mpeleke kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Maumivu ya mwili yachunguzwe na daktari hata kama unaamini chanzo ni huzuni.

Vipimo vya maswali navyo vina mipaka. PHQ-9, kwa mfano, ambayo ni dodoso la kupima sonona, ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, jumla 27. Tumia tafsiri iliyofanyiwa majaribio. Usitafsiri mwenyewe papo hapo. Asiyesoma msomee polepole, bila kuongeza mifano yako. Alama ni mwanzo wa mazungumzo tu.

Tahadhari ya uhai: swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Haijalishi mteja anatoka wapi, ukiona dalili uliza waziwazi: "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, uliza kuhusu mpango na njia, usimwache peke yake, na fuata utaratibu wa dharura wa kituo chako. Mengine yote katika mwongozo huu yanasubiri.

Hatua ya 5: Kutumia mkalimani

Usimtumie mtoto wa mteja, hata akiwa na akili nyingi kiasi gani. Mama hatasema mbele ya mwanawe yale yaliyomleta, na mtoto akiyasikia atayabeba. Mwenzi na jirani nao si wa kutumia, isipokuwa kwa dharura fupi ya kumvusha mtu kwenye hatari.

Kabla ya kikao, kaa na mkalimani dakika kumi. Mwombe atafsiri yote, hata matusi na maneno yasiyoeleweka, asifupishe wala asipambe, na akumbushwe usiri. Mtazame mteja, sema naye moja kwa moja: "Ulilala vipi?" Usiseme "muulize alilala vipi". Tumia sentensi fupi na utenge muda mrefu kuliko kawaida. Baada ya kikao muulize mkalimani kama kuna neno lililokuwa na uzito usiouona. Muulize pia hali yake, kwa kuwa naye amesikia yote.

Jamii ikiwa ndogo, hakikisha mapema kwamba mteja na mkalimani hawajuani. Mteja akimkataa mkalimani, usidai sababu.

Hatua ya 6: Pangeni tiba pamoja

Orodhesheni anachofanya tayari kujisaidia: sala, tabibu wa asili, shangazi anayempigia kila jioni. Yasiyodhuru yaendelee. Kama anatumia dawa za asili pamoja na za hospitali, amweleze daktari, kwa sababu baadhi hugongana. Umsihi asiache dawa za hospitali ghafla bila kumwona aliyemwandikia.

Hatua ya 7: Tafuta kikwazo kilicho nje ya mteja

Mteja akikosa vikao vitatu, usikimbilie kuandika kwamba hana nia. Huenda zamu yake inagongana na muda wenu, au mlinzi wa getini anauliza kwa sauti "umekuja kwa daktari wa vichaa?" Mazoezi ya kupumua hayamwondoi mlinzi huyo getini.

Chama cha washauri nasaha cha Marekani kilipitisha mwaka 2003 mwongozo wa umahiri wa utetezi, ukahuishwa 2018. Unatenganisha kutetea *pamoja na* mteja na kutetea *kwa niaba* yake, tena katika ngazi tatu: mtu mmoja, jamii au taasisi, na sera za umma. Ushauri wangu kwa anayeanza: anza na *pamoja*. Mfanye mazoezi ya anachotaka kusema. Akipiga simu, akae na simu yeye, wewe uwe pembeni. Kwa niaba yake nenda pale tu anapokuomba, au pale ambapo akijitokeza atadhurika.

Hatua ya 8: Pata ridhaa, kisha tenda

Kabla ya simu au barua yoyote, fomu ya kutoa taarifa ijazwe ikionyesha nani atapewa, nini hasa, kwa sababu gani, na mwisho wake lini. Mweleze pia yanayoweza kwenda vibaya. Mwajiri anaweza kukasirika, familia inaweza kujua. Kama hata hivyo anataka, endeleeni. Kama hataki, umeishia hapo.

Barua iwe fupi, iseme kinachohitajika tu. Mfano:

"Kwa ridhaa ya maandishi ya mhusika, nathibitisha kuwa ana miadi ya kiafya kila Jumanne asubuhi kwa wiki nane zijazo. Tunaomba aruhusiwe kuanza kazi saa nne siku hizo. Kwa swali lolote kuhusu ratiba hii, tafadhali wasiliana nami."

Hakuna jina la ugonjwa. Hakuna kisa. Tena angalia karatasi yenyewe: kama nembo ya juu inasomeka "Kituo cha Afya ya Akili", siri imetoboka kabla mstari wa kwanza haujasomwa. Omba uongozi karatasi isiyotaja huduma. Msomee mteja barua yote, umpe nakala, na mwache yeye aamue kama ataipeleka mwenyewe.

Mtu akikwambia mteja wako "hana akili timamu" hivyo hawezi kuamua, fahamu kuwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unawahusu pia wenye ulemavu wa muda mrefu wa akili. Kifungu chake cha 12 kinatambua usawa wao mbele ya sheria na kutaka wapewe msaada wa kufanya maamuzi. Uliza namna mkataba huo unavyotekelezwa katika sheria ya mahali ulipo.

Hatua ya 9: Fuatilia

Andika tarehe, uliyezungumza naye, na alichoahidi. Mpe mteja majibu hata yakiwa mabaya. Kisha muulize namna utetezi wenyewe ulivyomgusa. Wapo wanaosaidiwa wakajiona wamefanywa watoto.

Mambo yakikwama

*Haongei kabisa.* Ukimya usiujaze maneno. Mpe chaguo: kuandika, kuchora, kuanza na historia ya familia, au kuonana na mshauri wa jinsia nyingine. Huenda pia anakuogopa kama mtu wa serikali, basi rudia kumweleza nani anasoma faili na nani hasomi.

*Umesema jambo likamkwaza.* Utaona amejikunja au majibu yamekuwa mafupi. Acha ulilokuwa unafanya: "Naona nililosema halikukaa vizuri. Samahani. Lilikufikiaje?" Halafu sikiliza bila kujieleza. Maelezo marefu ya nia yako njema yanamlazimisha akufariji wewe.

*Familia inadai kujua.* Pokea simu, sikiliza, usithibitishe lolote, hata kwamba mtu huyo ni mteja wako. Mweleze mteja kuwa wamepiga. Pale ambapo maamuzi hufanywa na ukoo, yeye mwenyewe anaweza kutaka wahusishwe, ila achague nani na waambiwe nini.

*Mila inatumika kuhalalisha kipigo.* Utamaduni hausamehi ukatili, na karibu kila jamii ina watu wake wanaoukataa. Muulize mteja ni nani. Pangeni usalama wake kwanza. Usiite mtesaji na mteswa kikao kimoja ili "wasikilizane", kwani yatakayosemwa humo yanaweza kulipwa nyumbani.

*Una hasira kuliko mteja.* Ukijikuta unaandika barua usiku wa manane ambayo hajaiomba, iweke chini, nenda kwa msimamizi.

*Kikwazo ni kituo chako mwenyewe.* Fomu za lugha moja, ngazi zisizopandika kwa mwenye ulemavu, muda wa kazi usiowafaa wafanyakazi. Kusanya matukio bila majina ya wateja, yapeleke kwa maandishi ukiwa na pendekezo moja linalotekelezeka. Na mteja akitaka kulalamika rasmi, mpe utaratibu wote na mahali malalamiko yanapopelekwa, kisha umtafutie mtu asiye wa kituo chenu wa kumsaidia kuandika, kwa sababu wewe ni mtumishi wa anayelalamikiwa.